Kwa Nini Midomo Haigusi Chupa ya Mvinyo Serranegra

Chekeni tu. Mashati yenu yameloa mvinyo mpaka kiunoni, halafu mnauliza kwa nini watu wa Katalunya hawakuweka vikombe mezani kama binadamu wengine. Swali hilo huja kila mavuno, na kila mavuno anayeulizwa mgongo unamuuma kuliko mwaka uliopita. Basi sogeeni, mpeane mkate na hizo zeituni, msikilize mara moja. Kurudia hakutakuwepo.

Kulikuwa na wakati, nyanya zilikuwa hata hazijavuka bahari kuja kupakwa kwenye mkate wetu, ambapo watu wa milima hii walikunywa kwa midomo yao. Kila nyumba ilikuwa na kikombe kimoja cha mti, nacho kiliitwa kikombe cha nyumba. Baba alikunywa kwanza, kisha mwanawe wa kwanza, kisha mama, kisha waliobaki kwa umri wao, na wote walitia midomo kwenye ukingo uleule. Hakuna aliyeona kinyaa. Mtoto alihesabika mtu wa nyumba siku alipokabidhiwa kikombe hicho mikononi, na bi harusi vivyo hivyo.

Hapa Serranegra ardhi yenyewe mnaiona. Ni mawe meusi juu ya mawe meusi, mizabibu imeng'ang'ania kwenye matuta ya mlimani, na punda akikosea hatua moja humwoni tena. Hakuna nyumba iliyoweza kuvuna peke yake. Zabibu zikishaiva zimeiva; ukichelewa siku nne, nyigu wanakumalizia kazi. Kwa hiyo majirani walizunguka, leo kwako, kesho kwangu. Lakini kabla hawajashika visu, walisimama mlangoni wakatazama watu wa nyumba wakipeana kikombe. Wasipopeana, majirani walijifunga vikapu vyao mgongoni na kurudi walikotoka. Walisema watu wasiokunywa pamoja si nyumba, ni kuta, na hakuna aliye tayari kuvunjika kiuno kwa ajili ya kuta. Ulikuwa ukatili? Ulikuwa. Lakini ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyeona haja ya kubadili.

Katika nyumba ya Ferriol, ile ya juu kabisa kijijini, alikuwepo mama mmoja aliyeitwa Engracia. Mumewe alikuwa amekufa majira ya baridi, akamwachia magoti mabovu na wana wawili wakubwa wasiooa. Wa kwanza aliitwa Guerau, wa pili Oleguer. Na desturi ya huku, mnaijua, haikati shamba vipande. Mwana wa kwanza huchukua nyumba yote, mizabibu yote, mpaka kuku. Wa pili hupewa baraka na jozi ya viatu, akatafute maisha.

Oleguer alikuwa analijua hilo tangu utotoni na hakulalamika. Lakini juu ya nyumba palikuwa na mteremko wa mawe matupu ambao hata mbuzi walikuwa wameukatia tamaa. Kwa miaka saba Oleguer alipanda kule kila siku baada ya kazi za baba, akang'oa mawe, akajenga ukuta, akabeba udongo kwa kikapu kutoka bondeni, akapanda mizabibu mia mbili. Hakusema ni yake. Alitaka tu mtu mmoja aseme kwamba ni yeye aliyeifanya.

Siku ya matanga, watu wamekaa mezani na ng'onda, samaki wa kukaushwa, imepikwa kwa vitunguu, Guerau akashika kikombe kama mwenye nyumba mpya. Hakuwa mtu mbaya Guerau. Alikuwa mtu mwenye hofu, na wenye hofu husema maneno makubwa. Akainua kikombe mbele ya kijiji kizima akasema, "Nakunywa kwa ajili ya shamba langu la juu, ambalo nyumba hii imelijenga kwa jasho lake." Akanywa, akampelekea mama, na mama akampelekea Oleguer.

Oleguer hakukipokea. Alisimama, uso umemwiva, akachukua kipande cha mkate mezani akakishika mbele ya kifua.

"Kwa mkate huu," alisema, "mahali alipotia mdomo Guerau, mimi sitatia wangu mpaka nizikwe."

Mama akasema, "Oleguer, mwanangu, kaa chini." Lakini lilikuwa limeshatoka. Na Guerau, badala ya kunyamaza, naye akachukua mkate.

"Na mimi naapa juu ya mkate huohuo. Meza ya baba ilikuwa na chombo kimoja cha mvinyo, na itakuwa na kimoja nikiwa hai. Asiyetaka kunywea tunachonywea wote, akae na kiu yake!"

Huku kwetu mtu aliyeapa na mkate mkononi harudi nyuma. Hata kasisi hamfungui. Ni upumbavu ambao tumeurithi pamoja na mashamba, na ninyi mlioolewa huku mmeshaukuta. Viapo viwili, maneno machache, na nyumba ya Ferriol ikafungwa pande zote mbili.

Basi yakaanza maisha ambayo Engracia asingemwombea hata adui. Alipika mara mbili. Guerau alikula mezani peke yake, kikombe cha nyumba mbele yake. Oleguer alikula zizini, amekaa juu ya ndoo, akanywa maji. Mama alitembea na sahani kutoka jikoni mpaka mezani, kutoka jikoni mpaka zizini, akapanda ngazi, akashuka ngazi, na magoti yale. Kila mmoja alimuuliza kwa upole, "Umekula, mama?" na kila mmoja aliambiwa amekula kwa yule mwingine. Kwa kweli alikula kwa kusimama, mabaki ya sufuria, mikono imelowa. Ndugu wawili walipishana uani bila neno, na alipowatazama kwa nyuma alishindwa kuwatofautisha, maana walitembea kwa mwendo mmoja wa baba yao. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mavuno ya kwanza yakafika. Majirani walikuja alfajiri na vikapu vyao, wakasimama mlangoni. Guerau akanywa. Mama akanywa. Oleguer akasimama mikono nyuma. Mzee wa nyumba ya jirani, ambaye alikuwa rafiki wa marehemu toka ujana, akavua kofia na kusema, "Tusamehe, Bi Engracia." Wakaondoka wote. Wakabaki watatu na mlima mzima. Walivuna siku kumi na tisa. Nusu ya zabibu iliozea kwenye mti, na harufu ya siki ilikaa uani mpaka baridi ilipoingia. Mvinyo waliokamua ulijaza pipa moja mahali pa sita.

Mwaka uliofuata, kiangazi kikiwa kinaisha na zabibu zimeanza kugeuka rangi, Oleguer alimfuata mama jikoni. Alisimama akitazama sakafu.

"Mama, mavuno yakifika nitaondoka siku hiyohiyo. Nikiondoka mimi, mtabaki wewe na Guerau, mtakunywa, majirani watavuna. Mimi ndiye ninayewazuia."

"Utaenda wapi?"

"Popote. Hata nje ya milima."

"Na ukuta wako?"

Oleguer akacheka kicheko kisicho na furaha. "Ukuta wa nani, mama?" Akatoka.

Engracia alikaa. Hakulia, kwa sababu kulia nako kunataka nguvu. Alijua kwamba akiondoka huyu harudi, watu wa aina yake hawarudi. Na yule anayebaki atazeeka peke yake mbele ya kikombe kile, na yeye mama atazikwa na mwana mmoja. Wiki tatu ndizo zilizobaki.

Alijaribu alivyoweza. Alikisugua kikombe kwa majivu, akakichemsha kwa maji ya chumvi, akampelekea Oleguer zizini. "Hakina hata harufu ya mtu sasa." Oleguer akatikisa kichwa. "Alipotia mdomo ametia mdomo, mama. Maji hayaondoi." Engracia akaenda mtoni akakata matete, akayasafisha ndani, akamweleza Guerau kwamba kila mtu atavuta kwa tete lake kutoka kikombe kilekile. Guerau akayatazama matete yale mezani, akayapanga, akasema kwa huzuni kabisa, "Mama, kila tete ni chombo." Na mama alijua kwamba hakuwa anamfanyia inda. Wote wawili walikuwa wanatafuta mlango wa kutokea, na wote wawili walikuwa na shingo ngumu ya marehemu baba yao, Mungu amrehemu na amwonye huko aliko.

Siku moja adhuhuri, baada ya kuwalisha wote wawili, Engracia alibaki jikoni na kipande chake cha mkate. Mafuta ya zeituni yalikuwa juu ya rafu, kwenye chupa ndogo ya kioo yenye mrija mwembamba ubavuni. Siku zote aliishusha, akaiweka mezani, akamimina taratibu kama mwanamke mwenye adabu zake. Siku hiyo alichoka. Alichoka mpaka kushusha mkono. Akaiacha chupa palepale juu, akaiinamisha tu kwa vidole, na mafuta yakaanguka kutoka kule juu, uzi mmoja mwembamba wa rangi ya dhahabu, moja kwa moja katikati ya mkate. Hata tone halikwenda pembeni.

Engracia akatazama ule uzi. Akatazama mrija. Mrija ulikuwa mbali na mkate kiasi cha mkono mzima, na mkate ulikuwa umeshashiba mafuta. Akaacha yamwagike mpaka yakafurika, yakachuruzika mezani, na hakuyafuta.

"Maskini mimi," alisema peke yake. "Kumbe mkate haukugusa kitu."

Kesho yake asubuhi alifunga kitambaa kichwani, akabeba sufuria yake ya shaba mgongoni, akashuka bondeni na punda wa nyumba, mnyama mwenye hasira, mpaka kwa Sadurní, fundi wa kupuliza vioo. Sadurní alikuwa mzee mwenye mashavu makubwa yaliyolegea kwa kupuliza miaka hamsini, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Nataka chupa ya mafuta," alisema Engracia, "lakini kubwa. Tumbo la kushibisha watu sita. Shingo ya kushikia iwe hapa, na mrija uwe hapa, mrefu, uliochongoka, mwembamba mwishoni kama sindano ya kushonea magunia."

"Bi Engracia, mafuta mengi hivyo unamkaanga nani? Ng'ombe?"

"Si ya mafuta. Ni ya mvinyo."

"Na mvinyo utanywewaje na hilo dude? Mtu atajitoboa jicho!"

"Hiyo ni shida yangu. Wewe puliza."

Sadurní akapuliza. Ya kwanza ilipasuka mrija. Ya pili ilikuwa na tumbo limeinama upande, haikukaa mezani. Ya tatu ilivunjika mikononi mwake wakati anacheka, na Engracia akamwambia akicheka tena atakipelekea kijiji kizima habari za kioo alichomuuzia kasisi kikiwa na ufa. Ya nne ikasimama. Mzee akaiinua kwenye mwanga, akaacha mzaha. "Ni nzuri," alisema. "Sijui ni nini, lakini ni nzuri." Engracia akamwachia ile sufuria ya shaba, ya mahari yake, akaifunga chupa kwa blanketi, akairudisha nyumbani kwa miguu, punda akitangulia bila mzigo, maana hakumwamini.

Asubuhi ya mavuno, majirani walikuja kama desturi. Walisimama mlangoni na vikapu, macho chini, tayari kuomba radhi na kugeuka. Guerau alikuwa mezani, kisu cha mavuno kilichopinda mkononi, anakinoa kwa jiwe ingawa hakikuhitaji tena kunolewa. Oleguer alisimama karibu na mlango, furushi begani, viatu vipya miguuni. Na katikati ya meza, mahali pa kikombe cha mti, ilisimama ile chupa, imejaa mvinyo mweusi wa pipa lile moja.

"Kikombe kiko wapi?" aliuliza Guerau.

"Nimekitilia chumvi jikoni. Uliapa chombo kimoja mezani. Haya, hesabu."

Guerau akahesabu kwa macho, na kweli kilikuwa kimoja.

Engracia hakungoja mwenye nyumba aanze. Aliishika ile shingo, akaiinua, akarudisha kichwa nyuma, akafumbua kinywa, akainamisha. Mvinyo ukampiga shavuni. Ukaingia sikioni. Akasogeza, ukampiga puani, akapiga chafya mbele ya kijiji kizima, mjane mwenye nguo nyeusi, mvinyo unamtiririka shingoni. Mlangoni mtu akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Wakacheka wote. Engracia hakujali hata kidogo. Alikuwa amechoka kupita mahali pa aibu. Akainua tena, akapeleka mkono mbali kidogo, na mara hii ule uzi mwekundu ukaingia katikati ya kinywa, akameza, akameza, akaishusha, akampa Guerau.

Guerau akaitazama, akamtazama mama alivyoloa, akaweka jiwe la kunolea chini. Alikunywa kwa kumwaga nusu kifuani. Kisu alikuwa bado amekishika kwa mkono mwingine. Akaiweka chupa mezani, akaisukuma kuelekea mlangoni, si mbali, kiasi cha shubiri moja. Hakumtazama ndugu yake.

 Wote walielewa sasa ni kitu gani kile. Mrija haukuguswa na mdomo wa mtu. Kiapo cha Oleguer kilikuwa kizima, na kiapo cha Guerau kilikuwa kizima, na hakuna aliyebaki na kisingizio isipokuwa moyo wake.

"Mwanangu," alisema Engracia, "sikuombi umsamehe. Sina nguvu za kuomba hivyo. Nakuomba unywe, kwa sababu nimechoka."

Oleguer akatua furushi. Akaja mezani, akaishika ile chupa, na hapo ndipo akagundua kitu ambacho kila mmoja wenu leo amekigundua bila kukitaja. Huwezi kunywa hivi ukimtazama adui yako. Lazima urudishe kichwa nyuma, macho juu darini, mkono mmoja hewani, na koo lako lote lililo wazi umempa aliye mbele yako. Oleguer alisita. Aliona kisu kilichopinda mkononi mwa kaka yake, na mwaka mzima na nusu wa kimya ulikuwa kati yao. Kisha akainua, akarudisha kichwa nyuma, akafumba macho.

Guerau aliliona lile koo. Aliona linavyopanda na kushuka, na alama ndogo ya kovu chini ya kidevu, mahali Oleguer alipoanguka utotoni wakati yeye Guerau ndiye aliyetakiwa kumshika mkono.  Akakiweka kisu mezani, kwa sauti, kila mtu asikie, akakisukuma mbali. Akakaa mikono mitupu mpaka ndugu yake alipomaliza kunywa.

"Ukuta wa juu," Guerau alisema, "umebomoka upande wa mto. Mimi siwezi kuujenga. Ni wewe uliyejua kuupanga."

Hilo ndilo lililokuwa neno lake. Oleguer alijifuta kidevu kwa mkono. "Tutautazama mavuno yakiisha," alisema. Mlangoni yule mzee wa jirani alikuwa ameshatoa kisu chake, akapiga kelele kwamba jua linapanda na zabibu hazisubiri watu wanaojifuta videvu. Wakapanda mlimani wote, watu thelathini na wawili, na mavuno ya Ferriol yakaisha kwa siku tatu.

Msije mkadhani walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Guerau hakuomba radhi, na Oleguer hakuvunja kiapo. Alikufa mzee wa miaka themanini na mdomo wake haukuwahi kugusa kitu kilichoguswa na mdomo wa kaka yake. Walikula meza moja miaka arobaini, wakigombana juu ya chumvi, juu ya punda, juu ya siku ya kupogoa mizabibu. Waliulizwa mara nyingi kama wamesameheana, na kila mmoja alisema ana kazi nyingi.

Tangu mavuno yale, nyumba moja baada ya nyingine ilishuka bondeni kwa Sadurní, na yeye akaacha kucheka, maana hakuwa na nafasi. Chombo kikapewa jina, porró, kikaenea Katalunya nzima mpaka pwani. Ndiyo maana leo hatuweki mdomo, na anayeuweka anazomewa hata akiwa mgeni wa heshima. Ndiyo maana mtu hanywi na kisu mkononi, wala anayesubiri zamu yake hashiki kisu. Visu vyote vinakaa mezani, vimeelekezwa mbali. Na ndiyo maana wageni wakija na kusema kwamba tunakunywa hivi kwa sababu tunapendana sana, tunawaachia waseme, na tunawaongezea mkate. Wapendanao wangeweza kuendelea na kikombe.

Engracia hakwenda shambani siku ile. Walipotoka wote alibaki na nguo yake iliyoloa, mbele ya meza yenye chembe za mkate. Alijua anatakiwa kuinjika sufuria, watu thelathini na wawili watarudi na njaa. Badala yake alivuta kiti, kiti cha mwenye nyumba, ambacho hakuwahi kukikalia, akakaa. Akajikatia soseji. Akala taratibu, mlango uko wazi, akisikiliza sauti mbili zinazofanana zikitukanana huko juu kuhusu kikapu, na kwa mara ya kwanza tangu wamzike mumewe akala mpaka akashiba.